Siku ya shahidi ilipwe: barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria,
Kwa wajumbe wa Baraza la Kitaifa la Kazi,
Na kwa waajiri wote wa Haut-Katanga, wakubwa kwa wadogo.

Waheshimiwa,

Jambo zenu. Mnisamehe nikiwaandikia hadharani. Barua za ndani tumeshaandika, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, zikalala. Mimi ni delege, yaani mwakilishi, wa wafanyakazi katika kampuni moja ya malori hapa Lubumbashi, na nina jambo moja tu la kuwauliza: mfanyakazi akiitwa na tribinali au na parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) aje kutoa ushahidi, siku hiyo nani anailipa?

Leo anailipa yeye mwenyewe, kwa mshahara wake.

Kwenye kampuni yetu kuna fundi wa matairi. Siku moja alitumwa kwenye barabara ya Likasi kubadilisha gurudumu la lori lililokwama, na akiwa amepiga magoti pale akaona gari dogo linatoka mbio, linaacha lami na kumgonga mama aliyekuwa amepanga magunia yake ya makala kando ya barabara. Mama akafa palepale. Polisi wa barabara walipofika, fundi hakukimbia. Alisema alichokiona, jina lake likaandikwa kwenye proseverbali (taarifa ya polisi), akarudi kumaliza gurudumu lake.

Miezi ikapita, konvokasyo, karatasi ya kumwita tribinali, ikaja. Akaipeleka ofisini jioni iliyotangulia, kama mtu mwenye adabu. Shefu wa personeli akaisoma upande wa mbele, akaigeuza nyuma, akamrudishia: «Hii si karatasi ya daktari.» Fundi akaenda tribinali hata hivyo. Kesi ikaahirishwa, kwa sababu avoka wa upande mwingine hakuwepo. Akaitwa tena, ikaahirishwa tena.

Nimeiona karatasi ya pwantaji (mahudhurio) ya mwezi ule kwa macho yangu. Kwenye mstari wa jina lake, siku za tribinali zimejazwa kwa bik nyekundu herufi mbili: A.I., maana yake amekosa kazi bila sababu. Sasa angalieni mshahara ulivyotoka. Siku zile zilikatwa, hilo mtu angetarajia. Lakini kwetu kuna primu, nyongeza ya mshahara, ya wale wasiokosa kazi hata siku moja katika mwezi, na primu hiyo haikatwi kipande; ama unaipata yote, ama huipati kabisa. Ikaenda yote. Kwa hiyo shahidi hakupoteza tu siku alizokwenda kusema ukweli, aliadhibiwa juu yake. Na A.I. zikirundikana, kanuni ya kampuni inaruhusu barua ya onyo, na baada ya onyo kila mfanyakazi anajua kinachofuata.

Konvokasyo ya mwisho ilipofika, alinijia chini ya mti pale getini. «Delege, mara hii siendi. Kwangu nyumbani hatupiki haki kwenye sufuria.» Hakwenda. Kesi iliendelea bila mtu pekee aliyeona ajali kwa macho.

Na upande wa pili wa habari ni huu. Mwaka huohuo kampuni iliibiwa mazutu (dizeli) kwenye depo. Walinzi wawili na dereva mmoja waliitwa parke kueleza walichokiona. Hao walipelekwa kwa gari la kampuni, wakanunuliwa chakula cha mchana, na kwenye pwantaji waliandikwa wapo kazini. Sina kinyongo nao. Ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kila shahidi. Lakini maana yake ni kwamba shahidi wa bosi analipwa, na shahidi wa mama wa makala hakulipwa. Waheshimiwa wa sheria, mnaojua uzito wa ushahidi kuliko mimi, niambieni: mizani ya tribinali itasimama vipi sawa ikiwa upande mmoja mashahidi wake wanakuja wameshiba na mwingine wanakuja wakihesabu hasara?

Nimesoma Kanuni ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 146 kinatoa konje (likizo) za kulipwa kwa matukio ya maisha: mfanyakazi akioa au akiolewa siku 2, mke wake akijifungua siku 2, akifiwa na mke, mume, mzazi au mtoto siku 4, mtoto wake akioa au akiolewa siku 1, na kwa msiba wa ndugu wa daraja la pili siku 2. Orodha nzuri. Inajua kwamba mtu ana harusi, ana kitanda cha uzazi, ana kilio. Haijui kwamba mtu huyohuyo ni raia ambaye taifa linaweza kumwita. Shahidi hayumo. Sheria hiyo ilirekebishwa kwa sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, na shahidi akasahaulika mara ya pili.

Anayetaka kumtafuta atampata, kwa kubahatisha, kwenye kifungu cha 57. Pale wameorodhesha mambo yanayosimamisha mkataba bila kuuvunja: ugonjwa, uzazi, kuitwa jeshini, mgomo, mfanyakazi kutiwa gerezani, na katikati yake maneno haya, majukumu ya kiraia. Mimi naamini kutoa ushahidi ni jukumu la kiraia, na sidhani kuna juji atakayenipinga. Lakini kifungu hakisemi shahidi kwa jina, na shefu wa personeli asiyetaka kuelewa hataelewa. Halafu, hata akielewa, kusimama kwa mkataba kunaokoa nafasi ya kazi peke yake. Kazi inasimama, mshahara nao unasimama. Yaani aliyefungwa gereza la Kasapa na aliyekwenda kumtolea ushahidi wamewekwa kwenye kifungu kimoja, na wote wawili hawana mshahara wa siku hiyo. Sijui nani aliyepanga kifungu hicho, lakini hakuwa amewahi kuitwa shahidi.

Wakati huohuo, sheria ya mashitaka ya jinai inamshika shati. Dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, ambayo bado ndiyo tunayoitumia, inasema aliyeitwa kihalali lazima afike, na asiyefika au akakataa kusema anaweza kuadhibiwa. Kwa hiyo fundi wetu yuko kati ya adhabu mbili. Asipokwenda, juji ana haki ya kumwadhibu. Akienda, kampuni inamwadhibu. Na kwa kuwa tribinali mara nyingi haina nguvu wala mafuta ya kumfuata shahidi nyumbani, lakini kampuni inalipa kila mwisho wa mwezi, mnajua wenyewe adhabu ipi inaogopwa.

Dekreti hiyo ya 1959 iliandikwa na Wabelgiji, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Miaka minne baadaye, kwao Ubelgiji, amri ya mfalme ya tarehe 28 Agosti 1963 ikaweka siku ambazo mfanyakazi anakosa kazi na mshahara wake unabaki palepale: harusi, uzazi, msiba, karibu orodha ileile tunayoijua sisi. Lakini ndani yake kuna pia mtu aliyeitwa kukaa kwenye baraza la raia linaloamua kesi kubwa, aliyeitwa kuwa shahidi mahakamani, au aliyeamriwa na mahakama ya kazi afike mwenyewe. Analipwa kwa muda unaohitajika, hadi siku 5. Kwetu wakaacha wajibu, kwao wakaandika na malipo. Siwalaumu sana, tangu 1960 kalamu iko mikononi mwetu, na mwaka 2002 tuliandika Kanuni yetu wenyewe.

Mtu atasema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Marekani ni tajiri kuliko Ubelgiji na haikufika huko: sheria ya shirikisho ya 1978 inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya kukaa kwenye baraza la raia katika mahakama za shirikisho, lakini haimlazimishi mwajiri wa kawaida kulipa, mahakama yenyewe ndiyo inampa mtu dola 50 kwa siku. Kila nchi ilichagua nani abebe mzigo. Sisi hatujachagua, ndiyo maana mzigo umemwangukia aliye chini.

Sisi hatuna baraza la raia la namna hiyo, lakini tusijidanganye kwamba tribinali zetu zinaendeshwa na majuji wa kazi hiyo peke yao. Sheria namba 016/2002, iliyotoka siku moja na Kanuni ya Kazi, inaweka kwenye tribinali ya kazi, kando ya juji, asesa, yaani mjumbe anayeketi na juji kuhukumu, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa upande wa wafanyakazi. Kwenye tribinali ya biashara, sheria namba 002/2001 inaketisha wafanyabiashara pamoja na majuji. Asesa wa waajiri akienda kuketi, ofisi ni yake, hakuna anayempigia simu kumuuliza yuko wapi. Asesa wa wafanyakazi anaomba ruhusa. Ninyi mlioandika kwamba pande mbili zikae sawa kwenye meza ya hukumu, mlimsahau mmoja wao afike vipi kwenye meza hiyo bila kukatwa mshahara.

Na kuna kesi ambazo mimi kama delege naziona zaidi ya hizo zote: mfanyakazi amefukuzwa, amepita kwa inspekta wa kazi kwa usuluhishi kama kifungu cha 298 kinavyotaka, wameshindwa kupatana, sasa wako tribinali, na anahitaji mwenzake mmoja aseme kilichotokea siku ile kwenye karakana. Mwenzake huyo bado anafanya kazi kwa bosi huyohuyo. Kifungu cha 62 kinasema wazi kwamba kushiriki katika mashitaka dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu. Vizuri. Lakini hakuna haja ya kumfukuza. Inatosha kumwekea A.I., kumtoa primu, kumhamishia zamu ya usiku. Wengi wakiona hivyo wanakumbwa na usahaulifu wa ghafla. Nimekaa kwenye benchi za tribinali nikimsikiliza mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye ngazi iliyovunjika akisema hakuona kitu.

Kuhusu zamu ya usiku, naomba mtakapoandika sheria msiisahau. Mlinzi anayetoka kazini alfajiri, akaitwa tribinali saa tatu asubuhi, akakaa huko hadi saa tisa, kisha akarudi kazini jioni, kampuni inasema hakupoteza saa hata moja. Ni kweli kwenye karatasi. Amepoteza usingizi wote, na usiku ule analinda kituo cha mafuta akiwa amelala macho wazi. Siku ya tribinali kwake ihesabiwe zamu.

Kuna na wale wa siku kwa siku, wanaosimama getini asubuhi kungoja kuitwa. Hao hawana konje ya aina yoyote. Kifungu cha 40 kinasema aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, mkataba mpya unaofuata unahesabika kuwa wa kudumu, na waajiri wengine wanajua sana kuhesabu hadi 21. Siku ambayo raia wa namna hiyo ameitwa na tribinali iingie kwenye hesabu ya zile 22.

Sasa niseme na ninyi wa tribinali, kwa maana lawama si ya bosi peke yake. Konvokasyo zote zinasema saa tatu. Mashahidi wa kesi zote za siku wanafika saa tatu. Kikao kinafunguliwa kinapofunguliwa, na kesi ya shahidi wangu inaweza kuwa ya mwisho kwenye orodha, au ikaahirishwa kwa dakika mbili kwa sababu karatasi moja haijakamilika. Mwajiri akiona mtu wake ameitwa mara tatu bila kuulizwa swali hata moja, na mimi nikiwa mahali pake ningekasirika. Shahidi aliyefika asikilizwe siku hiyohiyo, hata kama kesi yenyewe itasogezwa mbele. Maneno yake yaandikwe, aende zake. Aliyetoka Likasi, karibu kilomita 120, au Kasumbalesa kwenye mpaka, asirudishwe mikono mitupu kama mtu wa mtaa wa jirani. Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba ikitaka kumjali shahidi inaweza: kwenye kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini, mwaka 2017, mahakama ya kijeshi iliwafuata watu kwao, ikawaficha mashahidi ili wasitambuliwe, na tarehe 13 Desemba ikatoa hukumu ya kifungo cha maisha, hata kwa mbunge wa jimbo. Sisi hatuombi mapazia. Tunaomba saa.

Waajiri, nawajua mtajibu nini. Kwamba kila Jumatatu baada ya mechi ya timu ya Mazembe watu watakuja na konvokasyo za kununua. Jibu ni rahisi. Karani wa tribinali apige muhuri nyuma ya konvokasyo, aandike saa shahidi alipofika na saa alipoachiliwa. Bila muhuri, hakuna malipo. Karatasi ya daktari mnaipokea kila siku na haina hata nusu ya ulinzi huo.

Wala sisemi kila anayekwenda tribinali alipwe. Anayeachana na mke wake, anayedai kiwanja cha baba yake, anayeshitakiwa mwenyewe, huyo anashughulikia ya kwake. Achukue siku kwenye konje yake ya mwaka. Ninamtetea aliyeitwa kwa ajili ya kesi ya wengine. Na ninakubali kwamba mwenye gereji ya watu wawili kule Katuba si sawa na kampuni ya mgodi. Kwa hiyo kikomo kiwepo: siku 5 kwa mwaka zibebwe na mwajiri, zikizidi, serikali ilipe, kwa sababu zikizidi maana yake tribinali ndiyo imechelewesha.

Sheria ya kazi ni ya taifa zima, si ya jimbo. Najua gavana wetu hawezi kuibadilisha. Ndiyo maana nimeanza na Waziri wa Kazi. Mheshimiwa, kubadilisha kifungu cha 146 kunahitaji bunge, na bunge lina foleni yake. Lakini waraka wenye saini yako hauhitaji foleni. Ndani yake sema mambo matatu: kwamba shahidi na asesa wako ndani ya majukumu ya kiraia ya kifungu cha 57, kwamba ni marufuku kuwaandikia A.I. au kuwanyima primu ya mahudhurio. Na kwamba wainspekta wako, wanapopitia kanuni za kampuni, waitafute sentensi ya marufuku hiyo na waidai pale isipokuwepo. Mshahara wenyewe uje na sheria, ukipita kwanza kwenye Baraza la Kitaifa la Kazi, ambako serikali, waajiri na sendika (vyama vya wafanyakazi) wanakaa meza moja.

Na waraka utakapotoka, utoke kwa Kiswahili pia. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Ile ya 2016 sijawahi kuiona imebandikwa kwa Kiswahili kwenye geti la kampuni yoyote hapa mjini. Shefu wa personeli anasoma Kifaransa. Fundi wa matairi ndiye anayehitaji kujua.

Waajiri wa Haut-Katanga hawana sababu ya kungoja Kinshasa. Konvansyo (mkataba wa pamoja) ya kampuni yetu inafunguliwa upya kwa majadiliano mwaka huu, na za kampuni nyingine pia zina tarehe zake. Sendika yetu italeta mezani sentensi hii: mfanyakazi aliyeitwa na mahakama au parke kama shahidi, au anayeketi kama asesa, analipwa kama aliyekuwepo kazini, kwa muhuri wa karani, hadi siku 5 kwa mwaka. Madelege wa kampuni nyingine wanaosoma barua hii, ichukueni kama ilivyo. Na kwa fundi wetu tumeomba kwa maandishi siku zake ziandikwe upya na primu irudishwe. Jibu likija, zuri au baya, nitalibandika getini.

Kwa heshima,

Delege wa wafanyakazi, Lubumbashi

Nakala: Inspekta wa Kazi wa jimbo, Rais wa tribinali ya kazi ya Lubumbashi, Batonye wa mawakili wa Haut-Katanga, sendika zote.